Mstari uliokosekana: maswali ya wasomaji kuhusu vipimo vya haraka vya dawa za kulevya kwa watoto

Barua za safari hii karibu zote zinagusa kifaa kimoja: kile kijiti au kibao cha plastiki kinachopimia mkojo wa mtoto aliyekunywa kitu kisichojulikana, kikatoa jibu la dawa za kulevya ndani ya dakika 5. Tumezijibu pamoja, nyingine kwa urefu, nyingine kwa maneno machache. Mwenye mtoto aliyelegea sasa hivi aache kusoma, ampeleke hospitali, na abebe chupa, kopo au maganda ya vidonge aliyoyakuta.

Mwanangu ana miaka 3, kilo 13. Alikuwa na kikohozi, dada wa kazi akawa anampa dawa ya maji ya kikohozi kila anapolia usiku. Kulipokucha alikuwa anaweweseka na mwili ni wa moto. Hospitali walipima mkojo wakasema una "PCP na TCA", kisha wakatuuliza nani nyumbani anatumia dawa za kulevya. Kwetu hakuna hata mvuta sigara. Hiyo PCP imetoka wapi?
*Mama, Morogoro*

Pole sana, mama. PCP ni fensiklidini, dawa ya kulevya iliyopata jina Marekani. Iko kwenye kijiti kwa sababu mwaka 1988 serikali ya Marekani ilipoweka utaratibu wa kupima wafanyakazi wake iliorodhesha makundi 5: bangi, kokeini, afyuni, amfetamini na PCP. Watengenezaji wakaifuata orodha hiyo, na vijiti vikasambaa duniani vikiwa hivyo hivyo. Kwetu dawa hiyo ni adimu mno. Herufi hizo zikitokea kwa mtoto wa Morogoro, wa kwanza kushukiwa ni chupa ya dawa ya kikohozi, na ndiyo uliyoitaja mwenyewe.

Kijiti hakitambui dawa kwa jina, kinatambua umbo. Ndani yake kuna kingamwili zenye rangi, na mbele yao kuna mstari uliopakwa dawa inayotafutwa. Mkojo ukiwa hauna dawa hiyo, kingamwili zinafika kwenye mstari, zinanasa, na rangi inaonekana. Mkojo ukiwa na dawa, kingamwili zinaikamata njiani na kufika mikono ikiwa imejaa. Haziwezi kushika tena, mstari haujitokezi, na hapo ndipo tunasema chanya. Shida ni kwamba mikono hiyo inaweza kujazwa na kitu kingine chenye umbo linalokaribiana. Dekstromethofani na difenhidramini, ambazo ziko ndani ya dawa nyingi za kikohozi na mafua, zote mbili zimeripotiwa kufuta mstari wa PCP. Difenhidramini inaweza kufuta na ule wa TCA, yaani dawa za sonona za jamii ya amitriptilini, na hata ule wa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Chupa moja, mistari miwili au mitatu imepotea.

Hata hivyo, jibu likiwa la uongo kwa jina la dawa, mtoto bado anaweza kuwa amepata sumu ya kweli. Difenhidramini ikizidi humfanya mtoto aweweseke, mboni zipanuke, mdomo ukauke, mwili uwe wa moto bila jasho na mkojo ufunge. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6, miligramu 7.5 kwa kilo zinatosha kumpeleka hospitali. Mwanao wa kilo 13 anafika hapo kwa miligramu 98 hivi. Dawa yenye miligramu 14 katika kila mililita 5 inazifikisha kwa vijiko vya chai 7. Usiku mmoja wa kikohozi kibaya, vijiko 7 si vingi.

Kwa daktari, jibu la TCA, liwe la kweli au la uongo, linampeleka mahali pamoja: kipimo cha umeme wa moyo. Kwenye karatasi inayokwenda milimita 25 kwa sekunde, kila kijimraba kidogo ni milisekunde 40. QRS, yaani upana wa wimbi kuu la mpigo, ikizidi vijimraba viwili na nusu (milisekunde 100), hiyo ni hatari, na bikaboneti ya sodiamu mmol 1 hadi 2 kwa kilo inatolewa kwenye mshipa bila kungoja maabara. Ya asilimia 8.4 ina mmol 1 katika kila mililita. Dawa hiyo husaidia moyo uliochokozwa na amitriptilini, na husaidia pia uliochokozwa na difenhidramini nyingi.

Kabla ya kuifunga hoja ya TCA, ulizeni nyumbani mambo matatu zaidi. Kuna mwenye kifafa anayetumia kabamazepini? Kuna anayepewa siproheptadini, ile ya kuongeza hamu ya kula inayouzwa sana madukani? Zote mbili zimeripotiwa kuupotosha mstari huo. La tatu ndilo zito: bibi ana amitriptilini ya maumivu ya miguu au ya usingizi? Hapo chanya si ya uongo. Vidonge 2 vya miligramu 25 kwa mtoto wa kilo 10 ni miligramu 5 kwa kilo, na kiasi hicho kinatosha kumlaza wodini chini ya uangalizi.

Kwenye kijiti kimoja mstari mmoja hutoka mwekundu kabisa na mwingine kwa mbali tu. Mwenzangu anasema hafifu ni "chanya kidogo". Nani yuko sahihi?
*Muuguzi, Kilifi*

Mwenzako amekosea, na kosa lake tunalikuta mara nyingi kwa sababu mikono yetu imezoea kipimo cha malaria. Kwenye malaria na ujauzito mistari miwili ni chanya. Kwenye kijiti cha dawa za kulevya mambo yamegeuka: mistari miwili ni hasi, mstari wa udhibiti (C) peke yake ni chanya. Mstari hafifu ni mstari. Ukiuona, hata kama unalazimika kuinamia dirishani, andika hasi. Hakuna "chanya kidogo". Rangi hutofautiana kutoka dawa hadi dawa kwenye kijiti kile kile, na haipimi wingi.

Mtu anayesoma kinyume hatengenezi kosa moja tu. Anawaandika wazima kuwa chanya na waliokunywa kuwa hasi. Bandikeni karatasi ukutani pale mnapopimia: C PEKE YAKE = CHANYA.

Mengine yanayoharibu jibu: kijiti kilichotolewa kwenye mfuko wake asubuhi kikatumika mchana (unyevunyevu wa pwani hukiua, kifunguliwe wakati wa kupima), boksi lililokaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, mkojo uliotoka kwenye friji ukapimwa ungali baridi, kuchovya kupita alama ya mwisho. Kijiti huchovywa sekunde 10 hadi 15, kibao hudondoshewa matone 3, lakini fuateni karatasi iliyo ndani ya boksi lenu. Vingi husomwa dakika ya 5 na havisomwi tena baada ya dakika 10. Mstari wa C usipotokea hakuna jibu, tupa, chukua kingine.

Kwa vichanga ongezeni tahadhari ya sabuni. Mwaka 2012 watafiti wa North Carolina, Marekani, walionyesha kwamba baadhi ya sabuni za kuogeshea watoto wachanga zikiingia kwenye mkojo huleta chanya ya bangi katika vipimo vya kingamwili. Safisheni ngozi kwa maji matupu kabla ya kubandika mfuko wa mkojo, na mkojo usikamuliwe kutoka kwenye nepi iliyopakwa mafuta.

Mtoto wa miaka 2 aliletwa akiwa na degedege. Tulimpa diazepamu kwa njia ya haja kubwa, mara mbili. Baada ya saa tatu mkojo ukaonyesha BZO chanya. Mganga wa zamu anataka kuandika "sumu ya benzodiazepini". Mama analia kwamba hajui lolote.
*Tabibu, Kigoma*

Mama yuko sahihi. Mmeipima dawa yenu wenyewe. Diazepamu huvunjwa mwilini hadi kuwa oksazepamu, na oksazepamu ndiyo ambayo kingamwili za mstari wa BZO (benzodiazepini, jamii ya diazepamu) zimetengenezwa kuitafuta. Ukimpa mtoto wa kilo 11 miligramu 0.5 kwa kilo, mara mbili, ameshapata miligramu 11. Kijiti kikibaki hasi baada ya saa kadhaa ndipo pangekuwa na cha kushangaza.

Kiufundi hiyo siyo hata chanya ya uongo, kwa kuwa dawa ipo kweli. Kilicho cha uongo ni maelezo. Na benzodiazepini si pekee za namna hiyo. Fenobabitali iliyotolewa kwa degedege hufuta mstari wa BAR (babiturati, jamii yake). Mofini ya maumivu hufuta ule wa afyuni. Ketamini ya kushonea jeraha imeripotiwa kuvuruga PCP. Mtoto aliyepitia zahanati mbili kabla ya kufika kwenu anaweza kuja na mistari mitatu iliyofutwa na wahudumu watupu.

Fanyeni hivi. Mkojo wa kwanza uchukuliwe mapema iwezekanavyo na chupa iandikwe saa na dakika. Kando ya jibu, kwenye mstari uleule wa faili, iandikwe kila dawa aliyopewa na saa aliyopewa, pamoja na za zahanati iliyomtuma. Pigeni simu kuuliza kama barua ya rufaa haisemi. Mkojo wa baada ya dawa usitumike kueleza kilichotangulia.

Tena, asijaribu mtu kumpa mtoto huyo flumazenili, dawa ya kutengua benzodiazepini, kwa sababu kijiti kimesema BZO. Mtoto mwenye degedege, au ambaye huenda amemeza amitriptilini pia, anaweza kurudishwa kwenye degedege zisizozuilika. Pimeni sukari kwenye damu, pimeni malaria, fikirieni homa ya uti wa mgongo. Kwa mtoto wa miaka 2 wa Kigoma, hizo ziko mbele ya sumu yoyote.

Binti yangu wa miaka 5 yuko mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Alianguka, akapelekwa kituo cha afya, wakampima na kusema ametumia "afyuni". Niache kumpa dawa?
*Baba, Mwanza*

Usiache, baba, hata dozi moja. Kwenye dawa zake kuna rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa, na imeripotiwa kuleta chanya ya afyuni katika baadhi ya vipimo vya kingamwili. Levofloksasini na ofloksasini zinafanya hivyo pia, na levofloksasini hutumika kwa kifua kikuu sugu. Onyesha kadi ya matibabu ya binti hapo kituoni, na uombe jina la kipimo na kizingiti chake viandikwe.

Kizingiti ni kiasi cha chini ambacho kijiti kinakiita chanya. Kwa afyuni kuna vijiti vya nanogramu 300 na vya 2,000 kwa mililita. Marekani walipandisha chao kutoka 300 hadi 2,000 mwaka 1998, moja ya sababu ikiwa ni mikate yenye mbegu za mpopi, mmea unaotoa afyuni, iliyokuwa ikiwaponza wafanyakazi. Vya 300 bado vinauzwa, na namba huwa imeandikwa kwenye boksi.

Kuna swali tunalolipenda zaidi kuliko kijiti: binti alikuwa anapumua vipi? Mofini, kodeini au heroini ikimlaza mtoto, mboni hunywea kama ncha ya pini na pumzi huwa chache. Mtoto aliyeanguka, akaamka, anapumua vizuri na mboni zake ni za kawaida, hana sumu ya afyuni hata kijiti kiseme nini. Aliye na dalili hizo apewe hewa na naloksoni (dawa ya kutengua afyuni) papo hapo, kijiti kitafuata.

Ila dawa ya kikohozi yenye kodeini ikiwa imetumika, msitafute kisingizio. Kodeini hugeuka mofini mwilini, chanya hiyo ni ya kweli. Tangu 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani imeizuia kwa watoto wa chini ya miaka 12, kwa sababu baadhi yao huigeuza haraka kupita kiasi wakaacha kupumua.

Wanaotumia efavirenzi, dawa ya VVU, nao wakumbuke kwamba dawa hiyo inajulikana kuleta chanya ya bangi au benzodiazepini kwenye baadhi ya vipimo. Siku hizi watoto wengi wamehamia dolutegravir, lakini ulizeni.

Napokea taarifa za watoto "waliokutwa na dawa za kulevya" na natakiwa kuamua kama mtoto arudi nyumbani. Nikiona neno chanya, nalichukulia kwa uzito gani?
*Afisa ustawi wa jamii, Mbeya*

Kwa uzito wa tetesi inayostahili kufuatiliwa. Tuhesabu kwa mfano. Tuseme wamepimwa watoto 1,000 na kati yao 10 kweli wamemeza dawa za kulevya. Kijiti kizuri kinawakamata 9. Kikikosea watoto 5 tu katika kila 100 wasio na kitu, kinawasingizia karibu 50 wengine. Mezani kwako wanafika kama 59, wa kweli 9. Kadiri mnavyopima ovyo watoto wasio na dalili, ndivyo waliosingiziwa wanavyowazidi wenye hatia, na kijiti hakijabadilika.

Mistari haina hadhi sawa. Wa kokeini ni mwaminifu sana: ukifutika, mtoto karibu kwa hakika amegusana na kokeini, na hilo halisubiri. Wa bangi nao ni wa kuheshimika ukiondoa yale ya sabuni na efavirenzi. Wa amfetamini ni mwepesi kudanganywa. Pseudoefedrini ya mafua, promethazini ya kutapika na kloropromazini zinautosha. PCP, TCA na methadoni tumeshazisema.

Kabla ya uamuzi wowote usiorudi nyuma, mkojo ule ule, narudia, ule ule, upelekwe kwenye mashine inayotenganisha kemikali moja moja na kupima masi ya molekuli zake. Tanzania, mlango wa uchunguzi huo ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mililita 20 hadi 30 ni nzuri. Kwa mtoto mdogo pelekeni kilichopatikana. Chupa safi yenye mfuniko wa kukaza, lakiri juu yake, jina, tarehe, saa, na sahihi ya kila aliyeipokea. Ikae kwenye friji, na ikichelewa zaidi ya siku moja au mbili igandishwe. Mara nyingi tunakuta mkojo umemwagwa punde kijiti kilipochovywa, na hapo familia haina cha kujitetea nacho wala mtoto hana cha kumlinda. Waambieni hospitali za eneo lenu leo: chanya ikitokea, chupa haimwagwi.

Na hata mashine ikithibitisha, inathibitisha kwamba dawa iliingia mwilini. Nani aliiweka mezani, lini, na kama ndiyo iliyomlaza mtoto, mkojo hausemi.

Je, ganzi ya jino (lignokeini) huleta chanya ya kokeini?
*Mfamasia, Nakuru*

Hapana. Majina yanafanana mwishoni, molekuli hazifanani. Mstari wa kokeini unatafuta benzoilekgonini, mabaki ya kokeini yenyewe, na lignokeini haitoi mabaki hayo. Atakayeleta hoja hiyo kujitetea mwambie atafute nyingine.

Kijiti kikiwa hasi kwenye mistari yote 10, naweza kumruhusu mtoto aende nyumbani?
*Tabibu, Bukoba*

Kwa sababu hiyo peke yake, hapana. Vizingiti viliwekwa kwa watu wazima wa kazini. Mtoto anaweza kulegea kwa kiasi kisichofika kizingiti, na mkojo wa saa ya kwanza huenda haujapokea kitu bado. Tramadoli haionekani kwenye mstari wa afyuni, na yenyewe huleta degedege. Fentanili haionekani. Klonazepamu na lorazepamu huponyoka mstari wa BZO mara nyingi.

Halafu kuna sumu ambazo watoto wetu hunywa zaidi, na hakuna mstari wake hata mmoja. Dawa ya wadudu ya shamba: mboni ndogo kama za afyuni, lakini huyu amelowa, mate, machozi, jasho na kifua kinachokoroma. Mnanaha wenye matunda ya miiba: huyu amekauka, mboni pana, anashika vitu visivyokuwepo hewani. Mafuta ya taa: nusa pumzi, sikiliza kifua, usimtapishe wala kumpa mkaa wa dawa.

Na parasetamoli, ambayo kwa siku nzima ya kwanza inaweza isionyeshe chochote zaidi ya kichefuchefu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6 aliyekunywa mara moja, miligramu 200 kwa kilo ndipo ini linapoanza kuwa hatarini. Chupa ya mililita 100 yenye miligramu 120 katika kila mililita 5 ina miligramu 2,400, na hiyo ndiyo 200 kwa kilo ya mtoto wa kilo 12. Chupa tupu iliyokutwa chini ya kitanda ihesabiwe kuwa imenywewa yote. Damu ya kupima parasetamoli ichukuliwe saa 4 baada ya kunywa, si mapema zaidi. Na kama kituo chenu hakina kipimo hicho, mtoto asafirishwe akiwa bado anacheza.